Mupira wa Baba Mukwe

Kamio, lile lori la kwenda Kabambare, ilipotoka Kasongo, Faradji aliyekaa juu ya magunia yake ya chumvi hakuwa na nia ya kusikiliza mambo ya watu. Lakini wanawake wawili walikaa karibu na magoti yake, na masikio hayana mlango.

"Docteur alieleza siku ya kutoa ule mupira wa mukojo," Estelle alikuwa akimwambia mama asiyemjua. "Lakini ule ni mwili wa baba mukwe. Nikaangalia dirisha."

"Na masikio nayo yakatokea kwa dirisha?"

"Ni heshima, mama. Bwana yangu iko Salamabila, zamu ya kulala hospitali ikanifikia mimi."

"Basi uliza muzee mwenyewe. Si ndiye yule?"

Muzee alikaa nyuma kabisa, amewapa mgongo, mfuko wa mkojo ameuficha ndani ya koti.

"Hatusemeshani," Estelle alisema. "Tangu niolewe."

Heshima ya namna hiyo hata kwao Faradji ipo, ila haijawahi kusafiri na mpira.

Bila kugeuka, muzee akaanza kuongea na gunia moja la chumvi lililokuwa mbele yake. "Gunia, ambia ule mama, docteur alisema Kifaransa. Mimi niliona haya, nikajifanya nimelala. Nilijua muke ya mutoto wangu, aliyesoma, anasikia."

Kamio ikasimama kijijini kwa muzee.

Estelle akamgeukia Faradji. "Baba, umuambie baba mukwe ashuke polepole, asivute mupira."

Faradji akamwambia. Muzee akashuka polepole. Neno la docteur, ile siku ya kutoa mpira, lilikuwa limebaki Kasongo, na kesho Faradji hatakuwepo kuwapelekea maneno.