Wataalamu wa Kasuku

Mwaka ule habari ya ugonjwa mupya wa kaskazini ilipofika Kindu, komisere wa mji alitangaza: madaktari wanakuja na ndege, kila kartie, yaani kila mutaa, itoe watu wenye ujuzi wa kuwasaidia kujitayarisha. Benchi la kahawa karibu na soko la Kasuku halikungoja kuitwa; lilijichagua lenyewe. Matata, ambaye miwani ilimupa jina la Profesa, akawa mwenyekiti. Onema fundi cherehani, yaani Radio, akawa msemaji. Okito alikuwa mwanachama tu, na asubuhi ile alikuwa na siri. Mke wake Kyakimwa alikuwa kitandani na homa tangu juzi, naye Okito, Mungu amusamehe, aliwaambia watu kwamba bibi ameenda shambani Mikelenge.

— Homa ile inapanda na meli kutoka Ubundu, akasema Radio. Mugonjwa tumuvushe ngambo ya mto, Alunguli. Homa haijue kuogelea.

— Sasa meli iliipandaka namna gani? akauliza Okito.

— Ililipa tiketi!

— Wapi! akasema Profesa. Njo mu matela ya kitanda inalalaka. Unachoma matela, imeisha.

— Na mwenye kulala juu yake? akauliza Okito.

— Atasogea kwanza.

— Asipoweza kusogea?

— Ndugu yangu, samaki mukunje angali mubichi!

— Matela haitoshe, Radio akapandisha sauti. Dawa ya moto ni moto: tuchome nyumba yote. Na bwana wa mugonjwa tumufungie ndani.

— Mbona unatoka jasho, Okito? akauliza Profesa.

— Kahawa iko moto.

Hapo akatokea mama mumoja mwenye koti jeupe na mufuko mukononi. Ndege ilitua mapema. Wachezaji wa chama, wenye kuja kupokea wageni na ngoma, walikuwa wangali wanavaa.

— Jambo, citoyens. Miye munganga, daktari wa Kinshasa. Njo ninyi wataalamu?

— Njo sisi!

— Vizuri. Mu kartie hii, nani iko mugonjwa leo?

Profesa akatazama mbingu. Radio akatazama vidole vyake. Okito alimuomba Mungu nguvu, akasimama.

— Kwangu, mama. Bibi yangu. Nilimuficha, nikasema uongo.

Akafumba macho, akingoja kibiriti.

— Munganga, ikasema sauti ya Radio, ndogo kabisa, ukitoka pale pita na kwangu. Mama yangu.

— Radio! akasema Profesa. Uliapa ni uzee!

— Na kwako ni nini?

Profesa akakohoa.

— Kwangu wako wawili. Lakini tuanzie kwa Okito.

Wakageuka kumuuliza njia. Okito alikuwa ameshatangulia, anakimbia kumufungulia Kyakimwa mulango.