Historia ya Fundi Pindo, Inayosomwa kwa Mara ya Pili

Ndugu, jamaa, majirani, na wanachama wa matawi yote mawili mliokuja bila jezi kama familia ilivyoomba, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Mdogo wake marehemu ndiye aliyetakiwa kusoma historia hii, naye alikataa mara mbili kabla ya kukubali, wala si kwa majonzi peke yake, bali kwa jambo ambalo wengi mliopo hapa mnalijua na mmelizunguka kwa adabu tangu juzi. Litafika mahali pake.

Marehemu, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Fundi Pindo, alizaliwa Jumamosi tarehe 11 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba aliyekuwa fundi wa breki na mama aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, na miaka sita baadaye akafuatiwa na mdogo wake huyu anayesoma. Nyumba nzima ilikuwa ya timu ya njano, baba akiwa mwanachama mwenye kadi, lakini mwaka 1971 mzee mmoja aliyekuwa akifua jezi za timu ya bluu alimpa marehemu jezi iliyochanika begani, naye akaishona kwa mkono, akaivaa, akaketi nayo mezani mbele ya baba, na tangu siku hiyo akawa bluu damu damu. Baba alinuna siku mbili, ya tatu akamletea suruali yake ya kazini amshonee.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968 hadi Novemba 1974, akafaulu vizuri, lakini baba alikuwa ameumia mguu kazini, hivyo badala ya sekondari akaenda chuo cha ushonaji na kumaliza Desemba 1976. Aliyekwenda sekondari ni mdogo wake, kuanzia 1981 hadi 1984, kwa mshahara wa marehemu na kwa sare zilizoshonwa na marehemu, na katika miaka yote minne hakuwahi kusikia kaka yake akilitaja jambo hilo, hata kwa utani.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, kitengo cha suruali, na huko ndiko alikopata jina, kwa maana hakuweza kusalimiana na mtu bila kuinama kidogo na kuangalia pindo lake limekaaje. Kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Juni 1996 aliondoka na cherehani aliyokuwa akiitumia, akafungua duka la mlango mmoja karibu na kituo cha mafuta, akawa fundi wa mtaa mzima. Humo ndimo alimoshona bendera kubwa ya tawi la bluu, mita kumi na nne kwa tisa, kazi ya wiki tano, akiitandaza barabarani kipande kwa kipande kwa kuwa duka lilikuwa dogo, na madereva wakizunguka bila kupiga honi. Jezi za njano nazo alizishona, tena bila hila, ila alikuwa akiwaambia wateja kwamba mshono anautolea dhamana, mabao hapana.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Desemba 1987, siku ya mechi ya watani, na shemeji yetu alikubali tarehe hiyo kwa sharti kwamba redio isionekane ukumbini, naye marehemu alitii, isipokuwa kila dakika kumi alikwenda jikoni kuulizia wali. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, mwaka 1989, ambaye sasa ni mkunga, wa pili kijana, mwaka 1992, fundi umeme, na kitinda mimba, binti, mwaka 1998, aliyerithi cherehani.

Agosti 2021 marehemu alianza kuvimba miguu, madaktari wakagundua figo zote mbili zimechoka, akawa anasafishwa damu Jumanne na Ijumaa, na uwanjani hakwenda tena. Mdogo wake, ambaye ni karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi na katibu wa tawi la njano, alijua kwamba kaka yake ni mgonjwa. Asitafutiwe kisingizio hapo. Alijua, na tangu Septemba hadi Novemba 2022 hakwenda kumwona, akijiambia kwamba kazi zimembana.

Hapa mtaani, baada ya mechi ya watani, tawi lililoshinda huchonga jeneza la mzaha, likalipaka rangi ya walioshindwa, likalizungusha kwa ngoma mpaka kwenye tawi la wenzao, na hapo mtu mmoja husoma historia ya marehemu, yaani timu iliyofungwa, watu wakacheka mpaka machozi. Sharti ni moja tu, tena la tangu enzi za baba zetu: inazikwa timu, hazikwi mtu. Jumamosi tarehe 12 Novemba 2022 njano walishinda baada ya kufungwa misimu mitatu mfululizo, na katika misimu hiyo mitatu hakuna aliyetaniwa zaidi na Fundi Pindo kuliko mdogo wake, naye alikuwa ameyaweka yote moyoni. Akachukua mbao nyembamba za stoo, akaandika ubavuni mwa jeneza jina la kaka yake, na Jumamosi iliyofuata, badala ya kwenda tawini, akaongoza ngoma mpaka mlangoni kwake, akiamini kwamba bado amelazwa hospitali na hatasikia. Shemeji alikuwa amempigia Alhamisi kumwambia mgonjwa anarudishwa nyumbani. Mdogo wake aliiona simu ikiita, akaiacha, kwa sababu mikono ilikuwa na rangi ya bluu.

Akasoma karatasi nzima kwa sauti, kwamba marehemu alizaliwa siku timu yake ilipofungwa saba, kwamba shule aliikimbia, kwamba mkewe alimkubali kwa kukosa mwingine, na watu walicheka, na yeye alifurahi jinsi walivyocheka. Kisha shemeji akatoka barazani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mgonjwa amelala nyuma ya dirisha hilo hapo, wapunguze ngoma. Waliliacha jeneza getini na kila mtu akashika njia yake. Marehemu alikataza lisitupwe, mwanawe akalibomoa na kutengeneza rafu ya dawa.

Wiki moja baadaye kitinda mimba alileta bahasha stoo. Ndani yake ilikuwemo karatasi ileile, imesahihishwa kwa penseli ya fundi, mstari kwa mstari, siku ya kuzaliwa, miaka ya shule, siku ya ajira, mambo ya mkewe yamefutwa mara mbili mpaka karatasi ikatoboka, na chini kabisa ameandika kwamba maneno ni mazuri ila tarehe zote umekosea mdogo wangu, siku yenyewe ikifika usome hii. Tarehe mlizozisikia hapa ni zake. Mdogo wake alikwenda kumwona mara tatu baada ya hapo, na mara zote tatu walizungumza habari za waamuzi na ligi, na siku ya mwisho, tarehe 4 Machi, alimshikia futi wakati akimpima mteja kitandani palepale, akatoka bila kusema neno lililompeleka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, dereva wa teksi aliyempeleka kila Jumanne na Ijumaa bila kuchelewa, majirani wote, mafundi wenzake, tawi la bluu kwa kukesha nasi, na tawi la njano, ambalo limelivunja jeneza la mechi ya marudiano kabla halijapakwa rangi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na mdogo mmoja, na huyo mdogo ni mimi. Kaka, nisamehe. Nilipaswa kukuambia siku ile nikiwa nimeshika futi, nikaona haya, na leo nimekuja kukuambia mbele ya wale wale niliowachekesha. Kwenye karatasi yako uliacha nafasi moja wazi mbele ya neno alifariki, ukaandika pembeni kwamba hiyo niijaze mimi mwenyewe. Nimeijaza asubuhi hii kwa penseli yako: Jumatano, tarehe 15 Machi 2023. Pumzika kwa amani, Fundi wetu, tarehe zilizobaki nimezisoma kama ulivyoandika.