Namba Mbili Tumboni mwa Chambo

Ndugu Method Bujiku anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Kambi ya Uvuvi wa Fimbo, Mwamanyili, kwa miaka thelathini na mmoja. Anaondoka akiwa mtunza stoo. Naomba msomaji akikumbuke cheo hicho, kwa sababu sicho alichoajiriwa nacho, wala sicho alichostahili kustaafu nacho.

Aliajiriwa Julai 1994. Busega ilikuwa bado sehemu ya Magu, na kambi yetu ilikuwa mabanda mawili ya bati na boti moja. Method alikuwa na elimu ya darasa la saba na mikono ya seremala. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni ziwani na kuwafundisha kuvua sangara kwa chambo bandia kikubwa, samaki wa kuchonga mwenye ukubwa wa sato wa kulisha watu wawili. Vyambo vya dukani vilitoka mbali na kuishia kwenye mawe ya ghuba yetu. Method akaanza kuchonga vyake kwa mkuyu, mti mwepesi usio na kiburi. Alimkata samaki vipande vitatu, akaviunga kwa waya ili mkia uyumbe, kisha akapaka rangi. Sangara hawakujali kwamba fundi ni wa Mwamanyili.

Alijua pia jambo ambalo wengi wetu tulijifunza kwa shida: chambo kizito kinataka fimbo yake. Fimbo nyembamba hukilaza mgongoni mwa mrushaji kama mtoto anayekataa kwenda shule. Inatakiwa fimbo ndefu, nene upande wa mpini, ngumu hadi katikati, yenye ncha inayokubali kidogo. Hairushwi kwa kiwiko. Inazungushwa taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayetupa gunia la pamba juu ya lori. Juu ya mpini wa kila fimbo umeandikwa uzito wa mwisho wa chambo inachoweza kukirusha. Ikumbukeni namba hiyo.

Fimbo za kambi alizipa majina ya zizini. Nzito kuliko zote aliiita Nzagamba, yaani dume la ng'ombe. Nyembamba, nzuri, iliyoletwa mpya mwaka 2008, aliiita Ndama.

Wazee wa kambi hawajamsahau Mwalimu Martha wa Kiloleli, aliyekuja mwaka 2003 na wanafunzi wake kuangalia tu. Method akampa Nzagamba ajaribu. Mrusho wa tatu, sangara akashika. Mwalimu akaanza kuvuta kwa pupa.

"Mwalimu, huteki maji kisimani! Mwache akimbie, atachoka."

"Nishikie basi, baba, mikono inakatika!"

"Nimshike nani, wewe au samaki?"

Boti nzima ilicheka, na Mwalimu alicheka huku akilia. Sangara alikuwa na kilo arobaini na nane. Walimfunga kwenye baiskeli, mkia ukawa unafagia barabara hadi shuleni. Kwa kipindi cha miaka kumi na minne Method aliwaongoza mamia ya watu ziwani, na hakuna hata mmoja aliyeumizwa na ndoano.

Kisha ikaja tarehe 14 Agosti 2008. Hapa ndipo wasifu wa Ndugu Method ulipoharibiwa. Aliyeuharibu ni mimi.

Wakati huo nilikuwa mkuu wa kambi. Nilikuwa na shahada ya uvuvi, na nilipenda watu waikumbuke. Siku hiyo tulikuwa na wageni wanne. Nahodha alikuwa Yakobo, mume wa Ng'washi, dada yake Method. Shemeji hao wawili walikuwa wamefanya kazi boti moja kwa miaka tisa, na utani wao ulianza kabla injini haijawashwa. Asubuhi yote tulivuta chambo cha mkuyu nyuma ya boti, kikiwa kimeungwa kwenye Nzagamba. Karibu na saa sita niliamua kuwaonyesha wageni namna ya kurusha. Mikono yangu ilikuwa imechoka, na Ndama ilikuwa inapendeza zaidi kwenye picha. Nikahamisha chambo.

Method aliniambia mbele ya wageni, kwa sauti ya chini: "Bosi, huyo ni ndama. Unamfunga plau?"

Nilimjibu kwamba juu ya mpini pameandikwa gramu mia mbili, na chambo nilikipima mwenyewe ofisini, gramu mia na tisini.

"Ulikipima kikavu, bosi. Rangi imepasuka. Kimekunywa maji tangu asubuhi."

"Method, umesoma wapi hesabu?"

Wageni walicheka. Nilirusha kwa nguvu ya mtu anayetazamwa. Fimbo ilikatika juu ya mpini, chambo kikapinda njia, na ndoano yake ikaingia katika jicho la kushoto la Yakobo, aliyekuwa ameketi kwenye injini. Method ndiye aliyekata waya, ndiye aliyeendesha boti hadi nchi kavu, ndiye aliyemshikilia kichwa kwenye gari hadi hospitali. Jicho halikupona.

Jioni hiyo niliandika ripoti ya ukurasa mmoja. Niliandika kwamba Method Bujiku, mwenye dhamana ya vifaa vya boti, alitoa fimbo yenye ufa bila kuikagua. Fimbo haikuwa na ufa. Wageni walikuwa wameondoka, Yakobo, kwa mlio wa injini, hakuwa amesikia onyo la Method, na kati ya neno la mwenye shahada na la darasa la saba, ofisi ilichagua kwa haraka. Method aliondolewa kwenye boti na kufungiwa stoo. Tangazo likabandikwa mlangoni kwamba haruhusiwi kumkabidhi mgeni fimbo mkononi. Tangazo hilo lipo hadi leo, limefifia.

Alinifuata mara mbili ofisi kuu ya Bariadi, nilikokuwa nimehamishiwa, kwa basi, siku zake za mapumziko. Mara zote mbili alisema jambo moja tu: "Mzee, usiniamini mimi. Kipime kikiwa kimeloa." Mara ya pili nilimwambia aache visingizio, au atafute kazi nyingine. Hakurudi. Chambo kilikuwa ndani ya droo yangu, karibu na goti langu, wakati akizungumza.

Mwaka uliofuata nilistaafu. Nilipewa cheti cha usalama kazini. Kimetundikwa sebuleni kwangu.

Waliolipa ni wengine. Yakobo alimwamini mwenye karatasi. Tangu siku hiyo hajaitikia salamu ya Method. Nyumba ya Yakobo ni ya tatu kutoka kwa Method, na kila asubuhi Method akipita kwenda kazini husema "Mwangaluka," nayo hubaki pale njiani. Ng'washi hujigawa: chakula cha kaka yake hukipitisha nyuma ya boma. Baba yake Method na Ng'washi alipozikwa mwaka 2016, wanaume hao wawili walichimba kaburi kwa zamu ili wasishike sepeto kwa pamoja. Nilikuwepo. Nilitoa rambirambi, nikala ubwabwa, nikarudi Bariadi.

Ndani ya stoo Method alifanya kazi ambayo watumishi wenzangu vijana wanaiona kila siku bila kujua chanzo chake. Kila chambo cha mbao hukilaza kwenye ndoo usiku kucha, hukipima tena, kisha huandika namba mbili tumboni kwa kalamu ya rangi, kwa mfano: kavu 190, majini 265. Fimbo huchaguliwa kwa namba ya pili. Utaratibu huo sasa unafuatwa na boti zetu zote tano, na katika miaka kumi na saba fimbo haijavunjika mkononi mwa mgeni. Nilipotembelea stoo mwaka 2019, mgeni mmoja alimuuliza kwa nini kuna namba mbili. Method alinitazama mimi, si yeye. Akajibu: "Ndiyo kawaida yake, mama. Akiingia majini huwa mwingine." Nilitoka nje kabla hajamaliza kufunga kifuniko cha rangi. Sijaingia tena.

Veronica wa ofisini aliponiomba niandike wasifu huu, alisema ninamfahamu Method kuliko wote na niandike kitu cha kuchangamsha. Nina miaka sabini na saba. Daktari ameshazungumza na wanangu, nao wakizungumza nami hawanitazami machoni. Sherehe ya kumuaga sitaiweza. Ndiyo maana nimeandika hapa, kwenye karatasi itakayokuwa mapajani mwa kila mtu, kwa sababu karatasi ndiyo iliyotumika kumwangusha.

Pamoja na maandishi haya nimempa Veronica mfuko. Ndani yake kuna chambo kile cha Agosti 2008, na vipande viwili vya Ndama. Namba juu ya mpini inasomeka vizuri. Naomba mzani wa stoo uwekwe meza kuu, na Yakobo mwenyewe akipime chambo kikiwa kikavu, kisha akitumbukize kwenye ndoo mbele ya macho ya watu wote. Hotuba zetu hazijawahi kupungua saa tatu, muda unatosha. Mgeni rasmi akimaliza, Yakobo akipime tena. Simwombi aniamini mimi, nilishamdanganya mara moja. Tangazo la mlangoni libanduliwe siku hiyo hiyo, na jina langu liandikwe kwenye ripoti mahali palipo na la Method.

Kambi inamshukuru Ndugu Method kwa vyambo vyake, kwa fimbo zake zenye majina ya ng'ombe, kwa watu wote waliorudi nyumbani na macho yao mawili. Mimi shukrani zangu zimechelewa, na msamaha siuombi hapa, maana mbele ya watu itakuwa vigumu kwake kuninyima.

Ndugu Method, tarehe moja Julai utaamka huna stoo ya kufungua. Pita njia ile ile. Sema salamu yako kama ulivyoisema miaka yote. Nakutakia, kuliko afya na kuliko miaka mingi, kwamba asubuhi hiyo kutoka nyumba ya tatu aitikie mtu.

Januarius Mihayo
Bariadi