Sista Dari Anavua Koti

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, mkunga mkuu wa wodi yetu ya wazazi atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wodi nzima haijui icheke au ilie. Kwa kuwa kulia kunaharibu wanja, tumekubaliana kucheka.

Alianza kazi akiwa mwembamba kiasi kwamba, kwa maelezo yake mwenyewe, koti ndilo lililomvaa yeye. Amepanda vyeo, amefundisha wakunga waliotapakaa kila mahali, na akiita kutoka chumba cha kujifungulia husikika mpaka kwenye maegesho ya magari. Jina la Sista Dari alipewa na wazazi wa wodini wenyewe. Hakuna mama aliyewahi kutoka na mtoto bila kuamriwa ainue kidevu na kutazama dari, ili shingo yake ikaguliwe kama ina uvimbe au kovu. Waliitazama dari mpaka wakaanza kuilalamikia. Mama mmoja alimwambia, "Sista, shingo yangu nzima, ila dari yenu inavuja," na wiki hiyohiyo mkurugenzi akatuma fundi.

Mimi, karani wa mapokezi, nilimcheka sana kutoka dirishani kwangu. Kisha zamu yangu ikafika.

Nilipokuja kujifungua niliulizwa kama naumwa tezi ya shingo, ile thairoidi. Nikajibu hapana kwa moyo mweupe, maana tezi yenyewe nilishaondolewa kwa upasuaji zamani. Mtu ataumwaje kitu asichonacho? Binti yangu akazaliwa, akanyonya kama aliyetoka safari ndefu, nikapongezwa. Akanyonya, akatoka jasho, akalia, akanyonya tena, lakini halali wala haongezeki uzito. Mama mkwe akasema ni njaa ya upande wetu. Siku ya kuruhusiwa, teksi inanguruma nje, mama mkwe yuko tayari na shali, nami nimejipamba shanga pana shingoni.

Sista Dari akaziba mlango. Nikamkumbusha kwamba mimi si mgeni, mimi ni wa nyumbani.

"Wa nyumbani ndio wasumbufu," akasema. "Vua shanga, tazama juu."

Akaliona kovu. Akamsikiliza mtoto kifuani, na utani wote ukamtoka usoni. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kama cherehani. Teksi ikaambiwa iende zake.

Daktari wa watoto alipima damu zetu sote wawili, akatueleza. Kabla ya upasuaji, tezi yangu ilikuwa ikichokozwa na kingamwili, askari wa damu, za mwili wangu mwenyewe. Tezi iliondoka, wachokozi wakabaki kwenye damu. Nilipobeba mimba wakapita kwenye kondo la nyuma, wakamkuta mtoto ana katezi kake kapya, wakaanza kukachokoza hako, nako kakaukimbiza moyo wake. Tungeondoka siku ile, moyo wa binti yangu ungechoka huko nyumbani huku sisi tukimsifia kunyonya. Sijawahi kuogopa namna ile. Akapewa dawa ya kutuliza tezi, na kwa kuwa kingamwili zile zilikuwa za kuazima, ziliisha zenyewe baada ya wiki kadhaa, dawa ikasimamishwa.

Wiki zote hizo Sista Dari alipita kumwona hata siku zake za mapumziko, akimwita Injini. Jina limeganda. Injini sasa yuko sekondari, na yule aliyekuwa hataki kulala siku hizi hataki kuamka. Nami dirishani kwangu siulizi tena kama mama anaumwa tezi. Nauliza kama amewahi kuumwa, hata kama alikatwa, hata kama alishapona.

Sista wetu, asante kwa kila shingo. Nenda ukalale mpaka jua likuchoke, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na afya yako isikupe sababu ya kurudi huku ila kwa kutusalimia.

Wageni waalikwa, siku ya kumuaga, atakapoingia ukumbini, msipige makofi kwanza. Simameni, inueni videvu, mtazame dari. Mimi na Injini tutakuwa mstari wa mbele, bila shanga. Na mkiona tumechelewa kushusha videvu, msitucheke: wanja tumepaka, na machozi yako karibu.