Vidonge Ndani ya Mpira wa Mashine

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo habari zenu. Leo katika kikundi chetu cha presha nimeombwa niseme mimi, ingawa mgonjwa ni mume wangu, yule aliyekaa karibu na dirisha. Ameniruhusu niseme yote, hata yanayomwaibisha.

Mimi nafua nguo za watu hapa Tabora mjini, kwa mashine ile yenye mlango wa mbele. Mume wangu alipopewa vidonge vya presha, kila asubuhi alikata kimoja na karatasi yake, akakitia mfukoni mwa shati. "Nitameza dukani kwangu nikishakunywa chai," alisema, nami nikaamini. Lakini kila tukirudi kliniki, presha imepanda zaidi. Siku moja akaanguka pale dukani, mkono wa kushoto ukalegea.

Ndugu zangu, nawaambia, hofu ikikosa jibu hujitungia lake. Nilijiuliza, mtu anakunywa dawa kila siku, mbona haponi? Nikamfikiria wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mjane anayefuga nyuki kule Ipole. Alikuwa akituletea asali, nikaamua uchawi umo humo. Alipokuja kumwona mgonjwa nilimzuia mlangoni, majirani wakisikia.

"Rudi na uchawi wako. Humu hutammaliza."

Aligeuka, akaenda stendi.

Mnajua neno hilo linavyoua huku kwetu. Lilifika Ipole, watu wakaacha kununua asali yake, kisha mizinga yake ikachomwa moto. Nami niliposikia, Mungu anisamehe, nilisema moyoni: amepata alichokitafuta.

Wiki chache baadaye mashine ikaanza kuvuja. Mpira wa mlango, ule unaozuia maji, ulikuwa umechanika upande wa chini. Muuza vipuri aliniuzia mwingine, akanielekeza. Nikachomoa waya wa umeme, nikabandua kwa bisibisi ile pete ya waya inayobana mpira, nikauvuta kidogo kidogo. Ulipoachia, nikaona vitu vinang'aa kwenye mkunjo wake wa ndani.

Nilidhani ni vifungo. Nguo za wateja nakagua mifuko, za nyumbani nilikuwa natumbukiza tu. Nikachomoa kimoja. Kilikuwa kipande cha karatasi ya vidonge, na kidonge chake kimo ndani. Nikachomoa kingine, na kingine, mpaka kiganja kikajaa. Kona zake kali ndizo zilizochana mpira.

Nilikaa kwenye sakafu yenye maji.

Nilimwendea mume wangu, nikamfunulia kiganja. Akasema, "Vilikuwa vinaninyima nguvu za kiume, mama watoto. Niliona aibu kukuambia."

"Na dada yako? Ulinisikia namfukuza. Mbona ulinyamaza?"

Akalia. Tangu anioe sikuwahi kuona machozi yake.

Nilirudi nikauvisha mpira mpya, matundu ya kupitishia maji yakiwa chini kama nilivyoelekezwa. Kesho yake tulikwenda Ipole. Tulimkuta wifi anapaka nta mzinga mpya. Nikapiga magoti, nikaanza kuomba radhi.

"Ulinitukana mbele za watu," akasema. "Ukininong'oneza hapa, jina langu halirudi."

Akatupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, watu wakaitwa. Nilisimama nikasema, "Huyu si mchawi. Mwongo ni mimi. Mume wangu hakuwa anameza dawa." Mume wangu naye akasimama kwa shida. "Na mimi nilijua, nikamwacha dada yangu aonewe."

Asali yake inanunuliwa tena. Nyumbani kwangu bado hajaingia. Tukikutana sokoni ananiitikia marahaba, nami nashukuru kwa hiyo.

Namshukuru muuguzi wetu, ambaye hakutucheka; tulipomweleza, daktari alibadilisha dawa, na mkono umeanza kushika kikombe. Namshukuru wifi, aliyenilazimisha kuusema ukweli mahali uongo wangu ulipokuwa umefika.

Kabla hujamtafuta mchawi, muulize mgonjwa wako, na umuulize kwa upole ili aweze kujibu. Na kama humu yupo mwenye vidonge mfukoni asivyomeza, muuguzi yule pale. Asimame aende. Mume wangu amesema atamsindikiza.