Benchi la Ukumbi wa Bati

Mbele ya duka la mikate la Hanh, mtaa mkuu wa Port Garran, kuna benchi la mbao la kutosha watu kumi. Kwa miaka thelathini na minne lilikaliwa na wachezaji wa Ngisi, timu ya mpira wa kikapu ya mji huu, ndani ya Ukumbi wa Bati. Ukumbi ulivunjwa mwaka juzi, benchi likatupwa kwenye rundo la mbao za kuchoma, na mtu mmoja akalifuata na toroli. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi hukaliwa na watu watatu wanaokunywa kahawa na kubishana kuhusu Ngisi. Jumamosi hii ubishi ulikuwa na uzito wake. Timu iliyoshika mkia misimu tisa kati ya kumi na moja ilikuwa fainali. Fainali ilikuwa ya michezo mitano, na Ngisi walikuwa wameshinda miwili na kufungwa miwili. Wa tano ungechezwa kesho yake, hapa hapa mjini, kwenye uwanja mpya, na mshindi angechukua ubingwa wa Australia.

Aliyelifuata benchi na toroli ni Clarrie Voss. Wenzake humwita Taulo. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye kigoda chini ya kikapu cha upande wa mashariki. Mchezaji akianguka, Taulo alikimbia na taulo, akafuta jasho sakafuni, akatoka kabla mwamuzi hajapuliza filimbi. Hakulipwa, wala hakuomba kulipwa. Wenye timu wapya walipokuja, kazi hiyo wakaipa kampuni. Wiki mbili zilizopita Taulo aliwaandikia barua akiomba, fainali ikifika mchezo wa tano, afute sakafu siku hiyo moja tu. Asubuhi hii alilifuta benchi kama kawaida yake kabla ya kukaa, kisha akaiweka simu gotini na kuitazama.

— Unaiangalia hiyo simu kama inataka kutaga, — alisema Redio.

Redio ni Stavros Kalantzis. Ndiye aliyekuwa akitangaza majina ya wachezaji kwenye kipaza sauti cha Ukumbi wa Bati, mpaka walipoleta kijana wa kutoka Melbourne mwenye koti linalometameta.

— Walisema watajibu ndani ya siku kumi na nne, — alisema Taulo. — Leo ndiyo ya kumi na nne.

— Nani alisema?

— Mashine yao. Binti yangu aliituma barua, mashine ikajibu hapo hapo.

— Mashine ikikujali hivyo, oa kabisa, — alisema Bev Pascoe, akakohoa kwa kucheka.

Bev wanamwita Soseji. Alikaanga soseji na vitunguu kwenye mlango wa Ukumbi wa Bati kila siku ya mchezo, na bahati nasibu ya kushindania nyama ilikuwa yake. Uwanja mpya hauruhusu mtu kuingia hata na mkate wa nyumbani.

Redio alifungua gazeti.

— Sikilizeni hapa. Wanasema siri ya Ngisi ni uongozi wa kisasa.

— Uongozi wa kisasa ndio unaofunga vikapu? — aliuliza Soseji. — Anayefunga ni Oakes. Na Oakes nimemjenga mimi, andika hiyo. Huyu Mmarekani alipokuja hapa msimu wa kwanza alikuwa na magoti ya ngamia mgonjwa. Analia anataka kurudi kwao. Nikampa supu ya mkia wa ng'ombe kila Jumatano, miezi saba.

— Supu haimfundishi mtu kudaka mpira, mama.

— Ya kwako haifundishi. Ya kwako hata paka anaikimbia.

— Mimi nawaambia ni moshi, — alisema Redio. Alielekeza kikombe upande wa kiwanda cha kuyeyusha madini, ambako bomba lilikuwa likifuka tangu alfajiri. — Timu inatoka Sydney, inatoka Perth. Inalala hapa siku moja, inavuta hewa yetu. Kesho yake miguu mizito. Sisi tumezoea, hatudhuriki.

— Na ile misimu tisa tuliyoburuta mkia, moshi ulikuwa likizo? — aliuliza Soseji.

— Ulikuwa unavuma kuelekea baharini. Upepo umegeuka. Muulize mtu yeyote mwenye nguo kwenye kamba.

— Uwanja mpya una viyoyozi, — alisema Taulo bila kuinua macho. — Moshi hauingii.

— Ahaa! — Redio akapiga paja. — Umenisaidia. Na viyoyozi vinavuta hewa kutoka wapi? Cha chumba cha wageni bomba lake limeelekezwa kiwandani. Fundi aliyelifunga namjua mimi.

— Anaitwa nani? — aliuliza Taulo.

— Amehama.

— Acha kamba, Redio.

— Amehama baada ya kulifunga! Hujiulizi kwa nini?

Soseji alimsogelea, akashusha sauti ingawa mtaa ulikuwa mtupu.

— Basi na mimi niseme ninalojua. Yule kocha Vuksan ni pacha.

— Pacha na nani?

— Na pacha wake, mjinga wewe. Wako wawili. Mmoja anafundisha asubuhi, mwenzake analala. Jioni wanabadilishana. Ndiyo maana hachoki. Umewahi kumwona yule mtu akipiga miayo?

— Na wewe umewahi kuwaona wawili pamoja?

— Sijawahi hata mara moja! Wangekuwa wanaonekana pamoja, ningekuwa na wasiwasi.

Hanh alitoka dukani na kahawa ya pili. Aliisikia habari ya pacha, akatikisa kichwa, akarudi ndani. Ana miaka kumi na tisa akiwauzia watu hawa kahawa, na hajawahi kuusikiliza mjadala wao mpaka mwisho.

— Taulo, — alisema Redio. — Wewe uliyekaa chini ya kikapu. Siri ni nini?

Taulo alikunywa kahawa kwanza.

— Hakuna siri. Wamenunua wachezaji wazuri. Ila Oakes... Kwenye Bati, mvua ikinyesha, kona yangu ilikuwa inavuja. Oakes alikuwa hawezi kurusha mpira mpaka aniangalie. Nikipapasa sakafu mara mbili, maana yake ni pakavu, atue bila hofu. Ilikuwa hivyo misimu mitatu. Sasa mtazameni kwenye televisheni. Kabla ya kurusha, bado anaangalia kona ile. Uwanja hauvuji. Kwenye ile kona kuna msichana anayefuta kwa mashine ya kusukuma yenye tangazo la benki. Lakini anaangalia.

Redio alilikunja gazeti.

— Ndiyo maana umeandika barua, — alisema Soseji.

— Ndiyo maana.

— Watu wale hawana haya. Wametutoa kama maganda.

— Nani katutoa? — aliuliza Redio. Sauti yake ilikuwa imebadilika. — Tuseme ukweli, Bev. Timu ilikuwa ya nani?

— Ya wanachama.

— Wanachama ni nani?

— Sisi. Wewe, mimi, huyu hapa, na wengine mia nne.

— Na mkutano wa kuwapa wawekezaji timu ulifanyika wapi?

— Kwenye Bati. Acha, Redio.

— Siachi. Hoja nilitoa mimi, kwenye kipaza sauti changu mwenyewe. Aliyeunga mkono alikuwa nani?

Taulo alilikunja taulo lake, akalikunjua.

— Nilikuwa mimi, — alisema.

— Na wewe, Bev, ulinyoosha mikono miwili mpaka katibu akakwambia ushushe mmoja.

— Waliahidi ubingwa! — alisema Soseji. — Na wamekaribia kuuleta, au siyo?

— Wamekaribia. Ahadi wanatimiza. Tuliwataka waandike timu isihame mji, wakaandika. Tukataka jina libaki Ngisi, wakaandika. Halafu tukabishana saa mbili nzima juu ya rangi ya jezi. Zambarau au zambarau iliyokoza. Saa mbili, Bev! Ile karatasi ina kurasa tatu za rangi.

— Zambarau iliyokoza ndiyo ya ngisi wa kweli, — alisema Soseji kwa sauti ndogo.

— Sasa nitajie mstari mmoja unaotutaja sisi.

Taulo aliigeuza simu, kioo kikatazama chini, kisha akaigeuza tena.

Wakati huo gari jeupe la mizigo lenye picha ya ngisi mlangoni liliegesha mbele ya duka. Alishuka mwanamke kijana aliyevaa fulana ya timu, zambarau iliyokoza, na bahasha mkononi. Wanaume wawili walibaki ndani ya gari.

— Samahanini. Namtafuta Clarrie Voss.

Taulo alisimama haraka mpaka kahawa ikamwagikia kiatu.

— Ndiye mimi.

— Naitwa Tahlia, natoka klabuni. Afadhali nimekukuta. Nimezunguka mji mzima asubuhi hii.

Soseji alimfinya Redio kwenye mkono. Redio akafinyika bila kulalamika. Taulo alipokea bahasha kwa mikono miwili, akaifungua kwa kidole gumba, polepole, asiichane. Ndani kulikuwa na karatasi moja. Aliisoma, akarudi juu, akaisoma tena.

— Hii inahusu benchi, — alisema.

— Ndiyo! Tunatengeneza kona ya historia pale langoni. Tuna jezi za zamani, tuna picha, lakini kitu chenyewe cha Ukumbi wa Bati hatuna hata kimoja. Kila niliyemuuliza anasema nenda kwa Clarrie. Kesho watu elfu nane watapita mbele yake.

— Niliandika barua, — alisema Taulo. — Siyo ya benchi. Ya kufuta sakafu.

Tahlia alifikiri.

— Barua huwa zinakwenda ofisi ya Melbourne. Sijaiona, samahani. Wale hujibu, ila huchelewa. Ilikuwa ya lini?

— Siyo ya haraka, — alisema Taulo.

Redio alifungua mdomo. Taulo akamtazama, naye akaufunga.

— Litakaa wapi hasa? — aliuliza Soseji. — Siyo karibu na choo?

— Katikati kabisa. Juu ya jukwaa dogo, na taa.

— Taa za namna gani? — aliuliza Redio. — Maana mbao hii ukiipiga taa nyeupe inaonekana kama jeneza.

— Zinaweza kuwa za njano.

— Na kibao kiandikwe Ukumbi wa Bati, — alisema Soseji. — Siyo ukumbi wa zamani. Bati. Herufi kubwa.

— Za zambarau, — alisema Redio.

— Iliyokoza.

Waliendelea hivyo robo saa. Walikubaliana kuhusu taa, herufi, na kamba ya kuzuia watu wasiliguse. Redio alidai kamba iwe nene. Tahlia aliandika kila walichosema na hakuwakatalia hata kimoja. Soseji alikuwa amechangamka, mashavu mekundu, kama siku za mchezo. Mwishoni Tahlia akampa Taulo kalamu.

Taulo aliuliza kama anaweza kulifuta kwanza. Akalifuta lote, kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, na chini ya kingo ambako wachezaji walikuwa wakibandika ubani wa kutafuna. Kisha akaiweka karatasi pajani, akatia sahihi.

Wale wanaume wawili walishuka. Walilibeba kwa mara moja. Halikuwa zito kama Taulo alivyolikumbuka. Siku ile ya toroli kulikuwa na mvua na mbao zilikuwa zimelowa. Lilipoingia garini, mwisho wake ulichomoza nje kidogo, wakafunga kitambaa chekundu.

— Asanteni sana, jamani, kwa moyo wenu, — alisema Tahlia. Alikuwa ameshafungua mlango wa gari, akageuka, simu mkononi. — Ngoja, karibu nisahau. Nataka niwapige picha kesho wakati wa mchezo, ninyi watatu pamoja, niiweke pale juu ya benchi. Mna viti sehemu gani?

Soseji alimtazama Redio. Redio alitazama gazeti. Tiketi ziliuzwa Jumatatu kwa njia ya simu na zikaisha kwa dakika kumi na moja. Soseji alikuwa wa elfu sita na kitu kwenye foleni. Redio alikuwa bado anatafuta neno lake la siri. Taulo hakujaribu, alikuwa akingoja jibu la barua.

Tahlia alingoja, kidole juu ya simu, tayari kuandika namba.

— Sehemu gani? — aliuliza tena, akitabasamu. — Nitawatafuta tu. Niambieni hata upande.

Dereva alipiga honi. Nyuma yao kulikuwa na gari lililotaka kupita.

— Basi nitawaona, — alisema Tahlia. — Zambarau zetu!

Gari likaondoka, kitambaa chekundu kikipepea, likakata kona ya benki.

Wale watatu walibaki wima na vikombe mkononi. Hanh alitoka, akatazama pale palipokuwa na benchi, akarudi ndani bila kuuliza kitu. Alirudi na kreti tatu za maziwa, akazipindua moja moja.

— Kahawa imekwisha, — alisema. — Mashine naizima mapema leo. Kesho sifungui, nakwenda kwenye mchezo. Mwanangu alibahatisha tiketi mbili.

— Vizuri, Hanh, — alisema Redio.

— Mtazame Oakes, — alisema Soseji. — Magoti yake.

Miguu ya benchi ilikuwa imeacha alama nne nyeusi kwenye saruji. Taulo alipiga magoti, akachukua taulo lake, akaanza kuzifuta. Mbili zilitoka. Mbili zilikuwa zimeingia ndani. Akapapasa saruji mara mbili kwa kiganja, akainua kichwa kutazama nani anaangalia, kisha akaendelea kufuta.