Fundi Lifti na Mbwa wa Ghorofa ya Pili

Ndugu, jamaa na marafiki, mpendwa wetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Lifti, alizaliwa tarehe 14 Mei 1957, mtoto wa tatu wa baba fundi viatu na mama aliyefua mashuka ya hospitali, na alipokuwa na miaka saba aling'atwa na mbwa, tangu hapo akimwona mbwa alivuka barabara.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kutengeneza lifti, hadi alipostaafu tarehe 31 Mei 2017. Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984 na fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 11 Machi 2018 alimzika kaka yake mkubwa, aliyemsomesha, na hakutoa hata chozi. Jumamosi tarehe 23 Juni mwaka huohuo, mbwa wa jirani wa ghorofa ya pili alikabwa na kipande cha mpira, akaanguka kwenye ngazi, hapumui, na marehemu, aliyekuwa akipita na mkate wake, akapiga magoti, akavuta ulimi, akatoa kile kipande, akamfumba mdomo, akampulizia hewa puani, akakandamiza kifua huku akihesabu kwa sauti, kama alivyosoma miaka mingi kwenye bango la kliniki ya wanyama alikohudumia lifti.

Mbwa akakohoa. Marehemu akaketi ngazini, manyoya midomoni, akaangua kilio hadi mkewe akatoka kumwona.

"Mama watoto, kaka sikumlilia, namlilia mbwa, tena mbwa mwenyewe simpendi. Hivi nina akili kweli?"

"Hata mimi sijui, mume wangu. Njoo unawe uso."

Aliendelea kuwaogopa mbwa, na bado kila Jumamosi aliwafundisha majirani jinsi ya kumwokoa mbwa aliyekabwa, mto wa kochi ukiwa ndiye mbwa, na hakuna aliyemwelewa, yeye mwenyewe akiwemo.

Januari 2023 moyo ulianza kumsumbua. Tarehe 29 Septemba 2024 ulisimama, madaktari wakaurudisha, na siku tatu baadaye, mkewe akimlisha uji, alianza kumlilia kaka yake, akalia mchana kutwa. Kwa nini ilichukua miaka sita, hatujui. Alifariki Jumapili tarehe 6 Oktoba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ngazi zote, na mafundi wenzake. Pumzika kwa amani, Fundi, sisi bado tunajiuliza.